Kompyuta Iliyonuka Dagaa

Mimi ni mtu wa dagaa. Nimewauza tangu nikiwa binti, na hadi leo ukinipa kiganja kimoja tu nitakwambia wameanikwa mchangani Ikola au juu ya nyasi kwetu Karema, na kama mvua iliwakuta. Kompyuta sikuwa naijua kabisa. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa na umeme ukija jioni tu kutoka kwenye mashine ya dizeli ya mji, nyumbani kwetu kulikuwa na kompyuta ya kuchezea gemu, na vifaa vyake vya maana nilivichagua mimi. Watu wakicheka nawaacha wacheke.

Mume wangu alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa pembeni mwa soko. Mwaka niliobeba mimba yetu ya kwanza aliitwa kwenye ofisi ya mradi mmoja wa misitu akawatengenezee redio ya mawasiliano. Akamkuta bosi wao anaendesha gari ndani ya kompyuta, kajikunja kitini kama yuko barabarani kweli. Wakamwachia ajaribu. Basi, alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa mama kijacho, tumbo linanitangulia mlangoni. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tumbo langu, akaanza kuunguruma: gari linawaka, linapanda gia, linakata kona. Mtoto akarusha teke. Tangu hapo ikawa kazi yake kila jioni, na majirani wakasema fundi kapata wazimu. Alikuwa akimwambia mtoto kwamba siku moja atamtengenezea ile mashine acheze mpaka achoke.

Mtoto alizaliwa hospitali ya wilaya, wa kike, mdogo, anahema kwa shida. Muuguzi aliona hali, akaniuliza jina, nikamnong'oneza, akambatiza palepale kwa maji ya kikombe. Jina lile tulikuwa tumelichagua wawili, mimi na baba yake, baada ya kubishana sana. Likatamkwa mara moja tu, tena na mtu ambaye hatukumjua. Mtoto wangu hakumaliza wiki.

Kwa wazee wa upande wa mume wangu, watu wa Inyonga, mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje hakaliwi matanga. Mama mkwe alikuja na wamama wawili watu wazima, wakamfunga kwenye kitenge changu, wakatoka naye alfajiri. Baba haendi. Mama mzazi haonyeshwi mahali alipolazwa. Na jina halitajwi tena, maana wanasema ukimtaja, atakayefuata naye hatakaa. Niliambiwa nisilie kwa sauti. Niliambiwa bado nina nguvu, nitazaa. Majirani walikuwa wameshaanza kuniita Mama Fulani, kwa lile jina lake, na baba yake vivyo hivyo. Kufika jioni ile nikawa dada, nikawa shemeji, kama vile miezi yote ile nilikuwa nimebeba mzigo wa watu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo nililijua hata wakati ule, lakini hasira haiulizi nia.

Mume wangu akanyamaza. Angekuwa amenuna ningejua la kufanya, maana aliyenuna ana pa kumshika. Huyu alikuwa kimya tu. Alishinda kibandani anatengeneza redio za watu zinaimba, jioni anarudi, anakula, anashukuru kwa chakula, basi. Nami nikaapa moyoni: mvua zikikatika huyu mwanaume hajanitajia mtoto wangu hata mara moja, narudi kwetu Karema. Nikafunga nguo zangu kwenye kifurushi, nikakiweka chini ya kitanda. Sikukificha. Kila asubuhi alichukua viatu vyake pembeni ya kile kifurushi, akavaa, akaenda kazini.

Juu ya kabati kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake tulikuwa tumeweka hela za sherehe ya kumtoa mtoto nje: za mchele, za mbuzi, za kitenge cha mama mkwe. Tulikosa sukari, tukakosa mafuta ya taa, lakini lile kopo hakuna aliyeligusa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Kisha ule mradi wa misitu ukafungwa. Badala ya ujira wake wa mwisho wakampa mume wangu kasha la kompyuta mbovu, kibodi yake, na diskette chache za gemu zilizokuwa zikizagaa kwenye droo ya bosi. Alileta vile vitu nyumbani kwa baiskeli, akavisukuma chini ya meza, akavifunika na kitambaa. Mwezi ukapita. Kila nikifagia nakutana na lile kasha, na kila nikikutana nalo nasikia gari likiunguruma tumboni mwangu, tumbo lenyewe tupu. Siku moja nikashindwa. Nikavuta kitambaa, nikashusha kopo, nikalibamiza mezani mbele yake wakati anakula.

"Itengeneze," nikamwambia. "Ulimuahidi."

Akasukuma sahani pembeni. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Akalifungua, akazigusa zile hela bila kuzitoa, akasema, "Hazitoshi."

Neno moja tu, tena la kukatisha tamaa, lakini mimi nilitaka kuruka. Mtu anayesema hazitoshi ameshaanza kupiga hesabu.

Toka hapo jioni zetu zikabadilika kidogo. Umeme ukija analifungua kasha, anapima hiki na kile kwa mita yake, na mimi nachambua dagaa sakafuni nikimsikiliza. Bodi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni diski ngumu, na monita haikuwepo kabisa. Alinieleza kwa lugha yangu: diski ni ghala, bila ghala huna pa kuweka mzigo. Monita ni uso, lazima uwepo. RAM ni meza ya kufanyia kazi, na iliyokuwemo ilikuwa ndogo kama stuli, gemu la maana haliwezi kukaa juu yake. Kadi ya sauti akaikata mapema. Sauti ni anasa, akasema, kompyuta ina kispika chake cha kulia tii, kinatosha. Nikamuuliza fundi redio mzima, nyumba imejaa spika hadi chini ya kitanda, anatengeneza kitu bubu? Akasema hela ni ya kopo moja, na gemu lisilofunguka halina haja ya sauti. Hapo alikuwa na hoja, sikatai.

Tukakubaliana hivi. Kwanza diski, tena nzima. Pili monita, hata yenye kasoro, ilimradi inaonyesha. Kitakachobaki chote kiende kwenye RAM. Mapato ya dagaa hayaguswi, maana huo ndio mtaji, na mtaji ukiliwa tumekwisha sote. Na wa kwenda kununua ni mimi, kwa sababu nilikuwa nakwenda Tabora na magunia yangu kwa treni, na kwa sababu, nilimwambia wazi, nyie mafundi hamjui kununua. Mnapenda kitu, mnakinyooshea kidole, muuzaji anaona macho yanavyowang'aa, mmeisha. Akataka kutabasamu, akajizuia. Njia nzima ya kwenda stesheni alinirudisha darasani: diski, monita, RAM. Nilimjibu kama mtoto wa chekechea.

Tabora kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akileta kompyuta kuukuu za maofisini kutoka Dar. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye vumbi na feni. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, akaniletea diski iliyofungwa akasema nzima hiyo. Nikamwambia baba, mimi sinunui gunia lililoshonwa, niwashie. Akawasha. Nikaweka sikio. Ya kwanza ilikuwa inakwaruza kama mchele wenye mawe, nikairudisha. Ya pili nayo nikairudisha. Ya tatu ilivuma vizuri, sawasawa, nikasema hiyo. Akaniangalia vingine kidogo. Kwenye monita nikachagua iliyokosa rangi ya bluu: nyeupe yake ilikuwa njano na bluu yake nyeusi. Alitaka kunishawishi nichukue nzuri zaidi. Nikamwambia maji meusi hayanitishi, ziwa nimeliona kwa rangi zote, apunguze bei. Akapunguza, nikamwambia bado, akapunguza tena.

Ikabaki RAM. Alikuwa ameshaitoa, kijiti kidogo hata huamini kwamba ndicho chenye bei ile. Mimi nimeshika hela mkononi. Pembeni kijana wake wa kazi alikuwa anajaribu kompyuta ya mteja mwingine, akaunganisha spika mbili, na humo ndani gari likawaka.

Nikaganda. Liliunguruma, likapanda gia, likakata kona. Ilikuwa ile ile, jamani, ile ile aliyokuwa akinipigia tumboni, na mtoto wangu akarusha teke mahali ambapo hakuwepo tena. Sikulia. Nilimuuliza tu yule bwana sauti hiyo inatoka wapi. Akanionyesha kadi ya sauti. Bei yake karibu sawa na RAM. Kwa hela niliyobaki nayo, ama hiki ama kile.

Akanionya, na alifanya vyema kunionya. Akasema mama, bila RAM mashine itakuwa nzito, gemu nyingi zitagoma, mumeo atakuja juu. Nikamwambia anifungie kadi na asinifundishe matumizi ya hela za mwanangu. Ndiyo, nilisema hivyo, za mwanangu, mbele ya mtu nisiyemjua. Sijutii hata leo.

Sasa safari ya kurudi. Treni ile ilikuwa na vidole vingi. Ukisinzia, unaamka huna viatu. Lakini hakuna mwizi niliyewahi kumwona akipekua gunia la dagaa, hata tupu, maana harufu yake inakaa kwenye nguo wiki nzima. Basi nikafanya akili ya kwetu. Diski na kadi yule muuzaji alikuwa amezitia kwenye vifuko vya kung'aa vya kuzikinga. Mimi nikaviona kama vya pipi, nikavitoa, nikampa mtoto mmoja aliyekuwa akilia behewani achezee. Vitu vyenyewe nikavizungushia gunia, juu yake gunia jingine, nikavikalia. Monita nikaivalisha magunia matatu, ikawa kama bibi kizee aliyejifunika. Tukafika Mpanda salama, hakuna aliyetukaribia.

Mume wangu alinipokea stesheni. Nyumbani akafungua magunia moja moja, akaisifu diski, akaiinua monita kwa mikono miwili. Kisha akatafuta RAM. Nikamwambia haipo. Akashika kadi ya sauti, akaigeuza, akaniangalia.

Akafoka. Alifoka hadi kuku wakatoka uani. Kwamba nimetumwa kitu kimoja, kwamba nimekariri njia nzima, kwamba hela imekwenda na sasa tuna mashine ya kuunguruma isiyoweza kucheza. Nami sikuwa nimezaliwa kunyamaza, nikamrudishia. Katika saa ile tulisema maneno mengi kuliko tangu tulipotoka hospitali, na kwa kweli, katikati ya ugomvi, nilikuwa nafurahi. Hadi akaniuliza kwa nini.

"Ni ile sauti uliyokuwa unampigia tumboni," nikasema. "Nimeisikia Tabora. Ningeiachaje?"

Akaiweka kadi mezani. Toka siku ya kopo, hakuna aliyekuwa amemgusa mtoto kwa maneno ndani ya nyumba ile. Akatoka uani, akasimama mgongo umenielekea. Nikaanza kufikiri habari ya kifurushi. Kisha akarudi, hakusema kitu, akachukua bisibisi, akakaa chini.

Akafunga vifaa vyote, akawasha. Mashine ikalia tii, tii, tii, ikagoma. Akazima, akafungua tena, akaichomoa kadi, akaisogeza kwenye mwanga. Katikati ya meno ya dhahabu ya ile kadi kulikuwa na kichwa cha dagaa, kikavu, jicho linatutazama.

Alikinusa. Akaniangalia. Akauliza vile vifuko vya kung'aa viko wapi, nikamwambia nimempa mtoto wa watu achezee. Basi akaanza kucheka. Alicheka akalegea, akaegemea ukuta, bisibisi ikamtoka mkononi, na mimi nikamcheka yeye anavyocheka, na sijui ni wakati gani kicheko chake kiligeuka. Nilimwona tu mabega yanatikisika vingine. Nikaenda nikakaa naye. Tulilia kwa sauti, vile vile tulivyokatazwa, na jirani akagonga akiuliza kama kuna msiba. Mume wangu akamjibu kupitia mlangoni kwamba ndiyo, upo.

Kesho yake jioni alisugua meno ya kadi kwa raba ya shule, akapuliza magamba yatoke kwenye bodi, akafunga upya. Ikawaka. Harufu haikutoka, na hadi mwisho wa maisha yake ile kompyuta ilinuka dagaa ikipata moto. Paka akawa analala juu yake. Kuhusu RAM, yule bwana wa Tabora alisema kweli. Diskette zile karibu zote ziligoma. Gemu moja tu, la zamani kuliko yote, lilikubali kukaa kwenye ile stuli yetu ya RAM, baada ya mume wangu kuondoa kila kilichoweza kuondolewa. Lilikuwa la magari.

Aliunganisha spika ya redio, kubwa, ya mbao. Barabara ikatokea, mawingu ya njano, ziwa jeusi pembeni. Lakini kabla ya gari kuwaka, maandishi yakasimama kwenye kioo, na kidude kikawa kinawaka na kuzima kikisubiri. Mume wangu akaondoa mikono kwenye kibodi.

Nikamuuliza imeharibika? Akasema hapana, inataka jina la dereva. Halitawaka bila jina.

Ningeweza kumwambia aandike lake. Naye angeweza kuliandika tu, kingekuwa kitu chepesi. Lakini alibaki amekaa pale, na sasa hakuwa yule mtu aliyenyamaza. Alikuwa akiningoja mimi.

"Niandike nani?" akauliza.

Nikamtajia. Jina zima, kwa sauti. Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akibonyeza taratibu kana kwamba zinaweza kuumia. Gari likawaka. Likaunguruma chumba kizima, vikombe vikatetemeka kabatini, na yeye akasema, huku anaangalia barabara, "Mama Fulani, shika kiti, tunaondoka." Hakusema Fulani. Alisema lile jina. Nikaitika. Usiku ule nilivuta kifurushi nikarudisha nguo zangu kabatini, naye akanisaidia kuzikunja.

Vijana wa mtaani walisikia ule mngurumo, wakaanza kuja, mwisho tukawa tunawatoza kidogo, tukisema ni ya dizeli ya mji. Kila mmoja alitaka kuandika jina lake. Mume wangu akakataa katakata. Aliwaambia gari lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyo aliyeandikwa. Anayetaka kuendesha anamwendeshea. Wakazoea. Wakawa wakishangilia kwa jina lake: kapita, kawaacha, kashinda! Kila jioni nyumbani kwangu mwanangu anashinda mashindano, na vijana wazima wanampigia makofi. Na kama ilivyo kwa vijana, hawakuuliza sana. Wakaanza kusema twende kwa Mama Fulani, kwa lile jina, na mtaa ukawafuata.

Mama mkwe alikuja mvua zilipokatika. Alishuka stendi na ndoo yake ya asali kutoka Inyonga, na kwa kuwa tulikuwa tumehamia nyumba ya mtaa wa nyuma, akauliza njia ya kwa fundi redio. Kijana mmoja akamwambia, aah, bibi, unakwenda kwa Baba Fulani. Akamleta hadi mlangoni.

Nilimwona anaingia uani, ndoo kichwani, na ndani vijana wanapiga kelele za lile jina. Nikajua amesikia. Nikasimama, nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu nimeyaweka akiba muda mrefu, na sikuwa na mpango wa kuyapunguza. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Alisimama vile vile, ndoo haijashuka, akisikiliza hadi gari lilipomaliza mzunguko na vijana wakapiga makofi.

"Ameshinda?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, mama, ameshinda.

Akashusha ndoo mwenyewe, akaketi kwenye kizingiti. Yale maneno yangu ya akiba sikuyatoa, kwa sababu yeye alinitangulia kusema. Akasema mtoto alimbeba yeye mwenyewe, alfajiri ile, wale wenzake walikuwa wanashika njia tu. Akasema alikuwa mwepesi sana. Hajamtaja kwa mtu yeyote, hata padri, na kila akija Mpanda anapita pale alipomlaza, peke yake, kabla hajafika kwetu. Kisha akanishika mkono kunyanyukia.

"Muite mumeo," akasema. "Niwaonyeshe."

Hapakuwa mbali. Palikuwa nyuma ya shamba la mihogo, kando ya njia ya kisimani, chini ya kichuguu ambacho nilikuwa nikikipita kila asubuhi na ndoo yangu, na mara nyingi nikiegemea hapo kupumzika. Mama mkwe alitandika kitenge chake chini. Mume wangu alikuwa amenishika kiuno, na kutoka nyumbani bado tulisikia gari likiunguruma. Nikapiga magoti, nikamwita mwanangu kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyomwita mtoto anayecheza nje aje kula.